Sisimizi wa Mama Keki

Hakika aliliona koti kabla hajamwona mwenye nyumba. Lilikuwa uani, kwenye kamba ya nguo, jeusi lenye mistari myembamba ya kijivu, suruali yake pembeni. Halikuanikwa kwa sababu limefuliwa. Nguo ya kufuliwa huanikwa kwa vibanio viwili na manung'uniko. Hili lilikuwa juu ya kiango cha mbao, limefungwa vifungo vyote, limegeuziwa kivulini ili jua lisilipaushe. Hakika akasimama uchochoroni, akapima kwa macho mabega ya koti na mabega yake mwenyewe, na moyo ukamwambia kuwa hawa ni ndugu waliopoteana.

Na alilihitaji kweli, tusimsingizie. Jumamosi alikuwa anakwenda ukweni kujitambulisha. Mchumba wake alikuwa fundi cherehani, binti mwenye macho ya kupima, na Hakika alimpenda mapenzi ya kumkosesha hamu ya chakula, yeye ambaye hakuwahi kukosa hamu ya chakula cha mtu yeyote. Kwa bahati mbaya alikuwa amemwambia Fundi kwamba yeye ni afisa wa afya, kitengo cha wadudu. Afisa hawezi kwenda ukweni na shati lililofifia kwapani. Akikosa suti, maswali yataanza. Maswali yakianza, ofisi itatafutwa. Ofisi ikitafutwa, Fundi atakwenda zake.

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake na wachache waliowahi kumtafuta kwa hasira. Mtaani aliitwa Hakika, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mteja. Dawa hii inaua na mayai? Hakika. Haidhuru kuku? Hakika. Hata kwa nyumba ya kupanga inafaa? Hakika kabisa. Neno hapana, kwa maoni yake, lilikuwa la watu wenye mishahara.

Alichouza ni dawa ya sisimizi. Ilikuwa kwenye chupa, buluu ya kupendeza, na ndani yake mlikuwa na siki, maganda ya ndimu, sabuni ya unga, bluu ya kufulia nguo nyeupe, na mafuta ya taa kidogo ili iwe na harufu ya elimu. Lakini biashara haikuwa kwenye chupa hiyo. Ilikuwa kwenye chupa nyingine ndogo, yenye mdomo mwembamba, aliyoitembeza mfukoni ikiwa imejaa shira ya sukari. Asubuhi angepita kwenye nyumba aliyoichagua, angeinama kufunga kamba za viatu, na alipoinuka uzi mwembamba wa shira ungekuwa umeshapanda kutoka kwenye tundu la sisimizi ukutani hadi dirisha la jikoni. Kilichobaki aliwaachia sisimizi wenyewe, ambao hawajawahi kumwangusha.

Siku ile kamba zake za viatu zilifunguka mbele ya dirisha la nyumba yenye koti. Kwa ndani kulinukia vanila na siagi. Hakika akaongeza shira.

Alirudi kesho yake akiwa amevaa koti jeupe ambalo zamani lilikuwa la kinyozi. Aliyemfungulia ni mwanamke mnene mwenye unga hadi viwikoni na uso wa mtu ambaye hajalala. Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Alikuwa mjane, na jiko lake ndilo lililompa kula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza kitu, leo umenikuta vibaya."

"Siuzi, mama. Napita kukagua. Mtaa huu umevamiwa."

Hakumwambia umevamiwa na nini. Aliinama akachungulia kizingiti, akaguna, akainuka akakiangalia kizingiti tena kwa huzuni. Mama Keki akasogea pembeni.

"Ingia, baba. Ingia uone mwenyewe."

Jikoni kulikuwa na vita, na binadamu ndiye aliyekuwa akishindwa. Sisimizi waliingia dirishani kwa mstari mmoja, wakashuka ukutani, wakavuka meza, wakapanda hadi kwenye rafu ya unga na sukari. Kila jirani alikuwa ameshatoa tiba yake. Wa kushoto alisema majivu, nayo yalikuwa yamemwagwa dirishani. Wa kulia alisema mdalasini. Mwenye duka la pembeni alisema karafuu, tena nyingi, kwa kuwa karafuu anauza yeye. Mwalimu wa watoto alisema sisimizi havuki chaki, basi meza ilikuwa imechorewa mstari mweupe mnene, na sisimizi walikuwa wakiufuata kana kwamba barabara yao imewekewa alama hatimaye.

"Nimeweka na chumvi," alisema Mama Keki. "Na maganda ya tango. Mtu mmoja akaniambia nizungumze nao kwa upole."

"Ukazungumza?"

"Nilianza kwa upole."

Hakika akatikisa kichwa. "Mama, mgeni humfukuzi kwa kumwongezea viungo mezani. Huyu sisimizi unayemwona ana njia yake, na njia ina harufu. Ukiua walio njiani, wanakuja wengine. Dawa ni kufuta njia."

Na hapa tumpe haki yake, kwa maana maneno hayo yalikuwa ya kweli. Alichovya kitambaa kwenye chupa ya buluu, akapangusa meza, ukuta na dirisha, kisha akatoka nje akapangusa ukuta wa nje kwa bidii ya pekee, hadi akaona shira yake mwenyewe imeisha yote. Mstari ukakatika. Sisimizi waliobaki wakazungukazunguka, wakagongana, wakaonekana kulaumiana. Baada ya muda rafu ilikuwa nyeupe. Mama Keki akaketi kwenye kigoda na kushusha pumzi ndefu.

"Na wakirudi?"

"Ndiyo maana nakuachia chupa."

Akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Mimi ni mtu wa chakula, mwanangu. Jumamosi nina keki ya familia, tena shughuli kubwa, na ikipandwa na sisimizi mbele ya wageni mimi nitahama. Hii dawa haina sumu?"

Mtu anayesikiliza wenzake angeuliza ni shughuli ya nani. Lakini Hakika alikuwa anaangalia uani kupitia dirishani, na mabega ya lile koti.

"Haina, hakika."

"Hata ikidondokea kwenye keki?"

"Hakika. Mimi mwenyewe naweka kijiko kwenye chai."

"Na nikiichanganya kabisa kwenye unga, sisimizi hawataigusa keki?"

Yupo mfanyabiashara ambaye hapo angesita. Mfanyabiashara huyo hakuwepo jikoni.

"Hakika, mama. Hata ukiwaalika."

Malipo yalipofika, Hakika akanyoosha viganja kana kwamba ametukanwa. Pesa ya mjane yeye haishiki. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume mchangamfu amevaa lile koti, na Hakika akaiangalia kwa heshima ndefu. Ila, akasema, ana ndugu yake anayetafuta kazi, kijana mzuri, hana hata nguo ya kwendea kwenye usaili.

Mama Keki akatoka uani, akarudi na koti mkononi, akilipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Alilivaa mara chache," alisema. "Alikuwa anasema linambana akicheka, na yeye alikuwa hajui kukaa bila kucheka. Mwambie ndugu yako alitunze."

Hakika akahisi kitu kimembana kifuani. Akadhani ni njaa, akapokea koti na suruali, akaaga.

*

Mikono ilikuwa mirefu kidogo, na hilo lingekuwa tatizo kwa mwanamume asiye na mchumba fundi. Alimpelekea siku hiyohiyo. Fundi alifanya kazi kwenye chumba chembamba chenye cherehani, kioo na mabaki ya vitambaa ya kila rangi. Akamsimamisha mbele ya kioo, pini zikiwa mdomoni, akaanza kukunja mkono wa kulia.

"Nimeshonesha kwa ajili ya Jumamosi," alisema Hakika, akijitazama. "Sikutaka kukuaibisha."

Fundi akaguna kwa upande wa mdomo usio na pini. Alimvua koti, akaligeuza ndani nje ili aone bitana ilivyokaa, na hapo mikono yake ikasimama. Aliangalia mfuko wa ndani muda mrefu kuliko mfuko unavyostahili. Kisha akazitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto alichofunga mkononi.

"Kakushonea nani?"

"Fundi mmoja wa wakubwa. Haonekani ovyo."

"Anajua kazi?"

"Hakika."

"Mfuko wa ndani umepinda."

Hakika akacheka kwa ukarimu wa mtu anayeelimisha. "Ndiyo mtindo wake huo, mpenzi. Ukiuona umenyooka, ujue umeuziwa la kuiga."

Fundi akamtazama kwenye kioo. Akarudisha pini mdomoni, akamvisha tena, akasema, "Geuka." Pini moja ikamchoma kwapani. Fundi akasema samahani, ila kwa sauti isiyokuwa na samahani hata chembe. Hakika hakuona neno. Mapenzi, alijiambia, yana maumivu yake.

*

Jumamosi alasiri alifika ukweni akinukia manukato aliyojipulizia bure dukani. Koti lilimkaa vizuri mno. Waliompokea ni mama mkwe mtarajiwa, mwanamke mwembamba asiyependa makelele. Mjomba wa Fundi, mwenye kitambi na maswali. Na bibi, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha mito, hana meno lakini ana hamu. Fundi alikaa pembeni kwa gauni alilojishonea mwenyewe, na alikuwa mzuri kiasi kwamba Hakika alisahau uongo mmoja au miwili.

"Kwa hiyo wewe ni mtu wa afya," alisema mjomba.

"Hakika, mzee. Kitengo cha wadudu."

"Ofisi yenu iko wapi?"

"Sisi hatukai ofisini, mzee. Wadudu hawakai ofisini."

Mjomba akaridhika. Bibi akauliza chakula kinaletwa lini. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na Hakika alikuwa ameshaanza kukunja miguu kama mkwe wa siku nyingi, ndipo mlango wa jikoni ulipofunguliwa.

Keki ilitangulia. Ilikuwa kubwa, ya ghorofa, imepambwa kwa maua ya krimu, na yote kuanzia chini hadi juu ilikuwa buluu. Hakika aliijua buluu ile. Nyuma ya keki, akiwa na tabasamu la sikukuu, alikuwa Mama Keki.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema mama mkwe. "Mama mdogo wa huyu binti. Keki zote za ukoo huu anapika yeye."

Hakika akatamani sakafu impokee, lakini sakafu ilikuwa ya saruji. Akaamkia kwa sauti ya chini. Mama Keki akaitikia vizuri kabisa, macho yakampita usoni, yakashuka taratibu kwenye koti, kifungo kwa kifungo, yakarudi juu.

"Mtanisamehe rangi," Mama Keki aliwaambia wote, akiweka keki mezani. "Wiki hii sisimizi walinivamia, jamani, nusura niache kazi. Akaja mtaalamu mmoja, muungwana sana, akaniachia dawa. Akasema nikiichanganya kwenye unga sisimizi hawasogei. Basi nimemimina chupa nzima."

"Chupa nzima," alirudia Hakika.

"Sikubakiza hata tone. Na afadhali leo tuna mtu wa afya hapa." Akamgeukia. "Hebu tutoe wasiwasi, mwanangu. Dawa ile inalika?"

Macho yote yakamwelekea. Kulikuwa na majibu mawili. La kwanza lingemwacha na koti, na heshima, na Fundi. La pili lingemwacha na chupa. Mdomo wake haukusubiri ushauri.

"Ha… hakika," alisema.

"Mnaona?" Mama Keki akashika kisu. "Basi mkwe ndiye wa kwanza."

Kipande kilichomfikia kilikuwa kikubwa kama tofali. Hakika akafikiri haraka. Sabuni haiui, alijiambia. Mafuta ya taa ni kidogo. Siki ni chakula. Bluu ni rangi tu. Akakata pembe ndogo, akaiweka ulimini, na mara akayasikia mafuta ya taa yakimpanda puani, sabuni ikafuata kwa nyuma ikitoa povu, macho yakamjaa machozi. Akameza.

"Vipi?" aliuliza mjomba.

"Tamu," alisema Hakika, chozi likimdondokea kwenye ukosi wa marehemu.

Mama Keki akaendelea kugawa. Mjomba akapata chake. Bibi akakatiwa sehemu ya katikati, laini, akaanza kuinusa kwa furaha. Hakika aliangalia sahani zikipita. Alijiambia watu hawa ni wazima, wana afya, hata bibi amefika umri ule kwa kula mengi. Alikuwa amewauzia dawa ile watu wengi na hakuwahi kubaki kuona wanaitumiaje, na sasa aligundua kwamba kutobaki ndiko kulikompa usingizi.

Fundi akapokea kipande chake. Akakiangalia, akamwangalia Hakika. Hakuwa na haraka. Akachoma tonge dogo kwa uma, akalinyanyua. Uma ukapita kidevu. Ukafika mdomoni.

"Hapana," alisema Hakika.

Hata yeye alishtuka. Neno lenyewe lilitoka limekwaruza, kwa kukosa kutumika. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi, na mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa Fundi.

"Usile. Bibi, weka chini. Mzee, tema. Msile, nawaomba."

"Kuna nini?" aliuliza Fundi, uma ukiwa bado hewani.

"Ni sumu. Yaani, si sumu hasa. Ni sabuni ya unga. Na siki, na ndimu, na bluu ya kufulia, na mafuta ya taa."

"Umejuaje?"

"Nimeichanganya mimi. Kwenye ndoo. Mimi si afisa wa chochote. Hata sisimizi niliwaleta mimi, kwa shira, nikajifanya nafunga viatu." Akameza mate, yaliyokuwa bado yananuka mafuta ya taa. "Nilitaka koti. Nilitaka mnione mtu. Fundi, mimi nakupenda, lakini usile hiyo keki."

Fundi akamtazama kwa yale macho yake ya kupima. Kisha, bila kuuondoa mkono wake kwenye mkono wa Hakika, akaingiza tonge mdomoni, akatafuna, akameza.

Hakika akatoa sauti ambayo hatutaiandika.

"Mama mdogo," alisema Fundi, "leo vanila umeizidisha kidogo."

"Nilikuwa na hasira," alijibu Mama Keki, akijikatia kipande. "Chupa yako iko chooni kwangu, mwanangu, inasafisha vizuri sana. Hii ni rangi ya keki. Ulidhani mtu aliyepika shira tangu hajaolewa hawezi kuiona shira kwenye ukuta wake mwenyewe? Ulipokuja kesho yake hukuifuta yote. Kuna tone lilikuwa chini ya dirisha. Nimelionja. Umeiunguza."

"Lakini mimi nimesikia mafuta ya taa," alisema Hakika kwa unyonge. "Kabisa, puani."

"Hayo umekuja nayo mwenyewe," alisema Mama Keki.

Fundi akaweka sahani chini. Alipozungumza hakuwa na mzaha.

"Mfuko wa ndani niliushona mimi. Nilikuwa najifunza kazi, hilo ndilo koti langu la kwanza. Nikataka kuufumua, baba mdogo akakataa. Akasema ameuzoea moyo wangu ulivyopinda, atauzoea na mfuko." Akamgeukia Hakika. "Halafu wewe ukaniletea mwenyewe, ukanieleza kuhusu fundi wa wakubwa. Jioni ile mama mdogo alitaka tukuitie watu. Nikamwambia tumkatie keki kwanza. Nataka nijue kama ataniacha nile."

Aibu ilimshika Hakika hadi kwenye masikio.

"Vua," alisema Mama Keki, akinyoosha mkono.

Akavua koti. Chini yake lilikuwa lile shati lililofifia kwapani. Mama Keki akalipokea koti, akalipangusa chozi lililokauka kwenye ukosi, akalikumbatia kifuani mwake bila kuona haya.

"Suruali utaileta," alisema. "Tuna bibi hapa."

"Mimi sijali," alisema bibi.

Shauri likatolewa palepale, na aliyelitoa ni Fundi. Maneno ya posa yasogezwe mbele, mbele sana. Kuanzia Jumatatu Hakika atapita kwenye kila nyumba aliyowahi kuinamia kufunga viatu, na ndoo ya siki na kitambaa, afute njia za sisimizi bure, huku Mama Keki akiwa ndiye anayewauliza wenye nyumba kama wameridhika. Akimaliza, aje amweleze anafanya kazi gani. Suti atamshonea yeye, ikifika siku ya kushonewa suti.

"Na mfuko?" aliuliza Hakika, kwa sauti ndogo.

"Tutaona utakavyostahili."

Akaambiwa aketi amalizie keki yake, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na desturi ya kutupa chakula. Akaketi na shati lake. Akakata tonge, na safari hii lilikuwa siagi tupu na vanila iliyozidi kidogo, na lilikuwa tamu hadi akaona uchungu.

Mjomba, ambaye kwa muda wote huo alikuwa ametulia akifikiri, akasogeza kiti chake karibu. Akaangalia kama wanawake wanasikiliza, akamwinamia Hakika sikioni.

"Sikiliza, kijana. Hayo mengine yameshapita. Lakini kwangu mimi sisimizi wameingia hadi chumbani. Ile dawa yako ya buluu, tuseme ukweli, inafanya kazi?"

Fundi aligeuza kichwa. Hakika akalisikia neno likianza safari yake, linapanda kifuani, linafika kooni, limezoea njia, linajua mlango ulipo. Akachukua kipande chote cha keki kilichobaki kwenye sahani, akakishindilia mdomoni, akafumba macho, akatafuna.